Kutoka Kangema Hadi Bustani za Nyeri

Safari ya historia haihitaji siku nyingi. Mtu aondokaye Murang'a asubuhi ya Jumamosi aweza kulala Nyeri usiku wake, na kabla ya jua la Jumapili kutua akawa ameiona nchi alikozaliwa mtunzi mashuhuri wa nyimbo, pamoja na bustani mbili zisizofanana hata kidogo. Mji wenyewe wa Murang'a, ulioitwa Fort Hall zama za ukoloni, hautamchelewesha sana.

Barabara ya Kangema hupanda vilima na kushuka mabonde pasipo kuchoka. Chini ni kahawa. Juu, kuelekea milima ya Nyandarua, ni chai. Huko ndiko alikozaliwa Joseph Kamaru mwaka 1939. Ajaye kutafuta jumba la fahari atapoteza siku yake. Na aitazame nchi: migongo ya ardhi iliyobanana, mito baina yake, na mashamba madogo yaliyolimwa hadi ukingoni.

Kamaru alikuwa na umri wa miaka 13 hivi serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Tangu mwaka 1954 watu wapatao milioni moja wa nchi hii na jirani zake waliondolewa makwao, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa kwa mahandaki na miiba, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula wala habari. Nyimbo nazo zilikuwa zimekwisha kuogopwa. Mapema mwaka 1930 serikali ilipiga marufuku muthirigu, wimbo wa ngoma uliowakejeli wamisionari na machifu. Aliyekulia katika nchi hiyo hakukosa kujua kwamba wimbo waweza kumtia mtu taabuni.

Alipokuwa kijana Kamaru alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Mwaka 1967 wimbo wake "Celina", alioimba na dada yake Catherine Muthoni, ulimpatia jina. Kisha akatunga "Ndari ya Mwarimu", uliowakemea walimu wanaowataka wanafunzi wao wa kike, na walimu wakakasirika sana. Mwezi Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtetezi wa wanyonge. Kamaru alimwombolezea kwa wimbo wakati ambao wengi walinong'ona tu. Hata hivyo mtunzi huyu hakuwa adui wa wakubwa siku zote. Mwaka 1980 alifuatana na Rais Moi hadi Japani, akaitungia safari ile wimbo wa sifa. Wako wamlaumuo kwa hayo. Mimi naona kwamba mwanahistoria anufaika kwa yote mawili, sifa na karipio, maana katika nyimbo hizo husikia yale yaliyozungumzwa sokoni na nyumbani, ambayo karani wa serikali hakuyaandika. Mwaka 1993 Kamaru aliacha nyimbo za kidunia akaimba za Injili. Alifariki mwezi Oktoba 2018.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Murang'a pana Mukurwe wa Nyagathanga. Wagikuyu husimulia kwamba Ngai alimchukua Gikuyu juu ya Kirinyaga, akamwonyesha nchi, akamwelekeza mahali hapa penye miti. Hapa akamkuta Mumbi mkewe, wakazaa mabinti tisa ambao koo zinaitwa kwa majina yao. Wengine huhesabu kumi, lakini husema "tisa kamili", kwa kuwa kuhesabu watu hadi mwisho ni mwiko. Bustani hii haina maua ya kupangwa. Ni miti, nyasi na kimya. Katika miaka ya 1980 ilianza kujengwa hoteli hapo, nayo ikaachwa bila kumalizika. Sijui ni nani apendaye kulala penye madhabahu ya babu zake.

Njia ya Kiriaini na Othaya humfikisha msafiri Nyeri. Huko, juu ya mto Chania, ipo hoteli ya Outspan, iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker, na bustani yake pana inayotazama Mlima Kenya. Ndani ya bustani imo nyumba ndogo iitwayo Paxtu, alimoishi Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, tangu mwaka 1938 hadi alipokufa tarehe 8 Januari 1941. Baadaye aliishi humo Jim Corbett, mwindaji wa simba-marara wa Bara Hindi. Nyasi za bustani hiyo zilikatwa vizuri hata katika miaka ile ya vijiji na mahandaki. Lakini vita havikuwa mbali: mwaka 1954 hoteli ya Treetops, ya Walker huyo huyo, ilichomwa moto na wapiganaji, na tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alikamatwa pembezoni mwa msitu, si mbali na mji huo.

Makaburi ya Baden-Powell na Corbett yako karibu na kanisa la Mtakatifu Petro. Juu ya kaburi la kwanza imechongwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huitumia kusema, "Nimekwenda nyumbani." Atakaye kuuona mlima kutoka hapo na afike asubuhi na mapema, kwani mawingu huufunika kabla ya adhuhuri.