Swali la Askari

Kila nilipofundisha Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, swali la mtihani nililijua kabla bahasha haijafunguliwa: je, Kinjeketile aliwadanganya watu wake? Nimesahihisha majibu yake mpaka nikayachoka. Darasani mambo yalikuwa mengine, hasa kwa watoto waliotoka pande za Kilwa na Liwale. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliropoka bila hata kunyoosha kidole: "Mwalimu, si waliotupiga risasi walikuwa weusi wenzetu?"

Ndiyo, wengi wao. Wajerumani wenyewe walikuwa wachache. Walioshika bunduki walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na wengineo. Aliyetoza kodi alikuwa akida, mara nyingi mtu wa pwani, na aliyesimama shambani na kiboko alikuwa mnyapara. Katika tamthiliya mnyapara yumo, na mitihani humpita kana kwamba ni mti wa jukwaani.

Kwa sababu ya swali lile niliacha kuanza na dhamira na wahusika, nikaanza na pamba. Mwaka 1902 serikali ya gavana wa Kijerumani, Götzen, ilianzisha mashamba ya pamba ya jumuiya, chini ya majumbe na maakida. Watu walilima kwa lazima huku mihogo na mtama wao ukimezwa na magugu, na malipo yalipotoka yalikuwa haba hata wengine wakakataa kuyapokea. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, wakaing'oa pamba. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, muda mfupi tu baada ya vita kuanza. Tarehe 30 mwezi huohuo wapiganaji wakalivamia boma la Mahenge, wakafyekwa na bombomu. Kilichofuata kiliua wengi kuliko risasi: majeshi yalichoma vijiji na maghala, yakaharibu mazao, watu wakabaki kuchimba mizizi porini. Wajerumani walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Huyu Gwassa nilipenda kuwaeleza wanafunzi wangu habari zake. Pamoja na John Iliffe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakikusanya kumbukumbu za vita hivi, na mwaka 1968 wanafunzi wa historia wakatumwa makwao wakati wa likizo kuwahoji wazee. Wengine kati ya wazee hao waliviona vita kwa macho yao wakiwa vijana. Nadhani hakuna zoezi la nyumbani lililowahi kuzaa matunda kama lile. Kijana aliyekaririshwa historia ya wafalme wa Uingereza akatumwa kumuuliza babu yake alikuwa wapi siku maji yalipoletwa.

Hussein, mzaliwa wa Lindi, aliandika katika miaka hiyohiyo, chuoni hapohapo, ila hakudai kwamba Kinjeketile wake ndiye yule wa Ngarambe. Kuna mahali pamoja nilikuwa nikiwasimamisha wanafunzi wasisonge mbele. Kinjeketile, pepo akiwa amempanda, anatangaza kwamba Mjerumani atafukuzwa, kisha watu watakuwa chini ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akizinduka na kuambiwa alichosema, anaingiwa na hofu. Amewaahidi watu uhuru, kumbe amewatafutia bwana mwingine. Mvulana mmoja aliandika kwamba Kinjeketile alishindwa pale pale, kabla ya Mahenge. Nikampa alama ambazo mwongozo wa kusahihishia usingemruhusu kupata.

Kwa jina hilo la Seyyid Said darasa likawaka moto. Waliotoka mjini pwani waliona wanasemwa, waliotoka bara wakajibu kwa dhihaka walizorithi nyumbani. Niliwaacha wabishane kwanza. Siku iliyofuata niliwasomea sehemu za Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, msomi wa Lindi, uliochapishwa 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Hapo vita vinatazamwa kutoka mjini, na darasa zima lilisikia tofauti ya sauti bila mimi kuieleza. Yule binti wa swali la askari akataka kujua mbona wanawake hawaulizwi popote. Nikamrudisha mwanzo wa tamthiliya, kwa wanawake wanaozungumzia njaa huku waume zao wakiwa shambani kwa Mjerumani. Alikubali shingo upande. Akasema hao nao wameandikwa na mwanamume, na wazee waliohojiwa bila shaka wengi walikuwa wanaume. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa nimestaafu, na swali la udanganyifu bado linatungwa. Kwa maoni yangu ni swali la Mjerumani: yeye ndiye aliyehitaji vita viwe kazi ya mganga mmoja mwongo, ili pamba na kiboko visitajwe. Mwalimu mwenzangu unayefundisha Kilwa, Liwale, Songea au Mahenge, usingoje mtaala ubadilishwe. Likizo ijayo wape wanafunzi wako madaftari, uwatume kwa bibi zao kwanza. Walioviona vita wamekwisha, lakini wajukuu waliolelewa nao bado wapo, na wengine wanakaa mtaa wa pili na shule yako.