Unataka Kuanza Kukusanya Vifaru Vidogo vya Vita? Jua Hii Kabla Utoe Doo

Kuna wasee hukusanya jezi, wengine raba. Halafu kuna hawa: keja imejaa vifaru, jeep na lori za Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zinatoshea kwa kiganja. Usiziite toi mbele yao. Ni modeli, yaani ndai halisi imepimwa kila mahali ikapunguzwa kwa hesabu moja. Hesabu hiyo ndiyo skeli, na hapo ndipo wageni huchomeka.

Chukua Tiger I ya Wajerumani. Ile halisi, ukihesabu na mzinga wake, ina karibu mita 8.45. (Moja ilinaswa Tunisia mwaka wa 1943, iko makumbusho ya Bovington, Uingereza, na injini yake bado hunguruma.) Kwa skeli ya 1/35 inakuwa sentimita 24. Kwa 1/72 ni kama 12 tu. Kwa 1/16 inapita nusu mita, hiyo utaitafutia meza yake. Sasa nunua Tiger ya 1/72 na Sherman ya 1/35 uziweke pamoja: Sherman inakaa baba yake, na kwa ground Tiger ndiyo ilikuwa jitu. Chagua skeli moja, ukae nayo.

Na mbona 35? Mwanzo wa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota. Saizi waliichagua ili betri mbili ziingie ndani. Kikauza ile mbaya, Shunsaku Tamiya akakipima, akapata ni kama 1/35. Vifaru vingine vikafuata hapo, kampuni zingine pia. Yaani betri, jo.

Hizo za plastiki unajijengea: unakata vipande, unapiga msasa, gundi, rangi. Ni usiku mingi. Za chuma huja kama zimemalizwa, na za zamani ndizo watu hupigania. Dinky ya Uingereza ilianza kuuza seti za jeshi 1937, na hizo za kabla ya vita ndizo zinaweza kukulilisha. Chuma chake ni mchanganyiko wa zinki. Kama wakati wa kuyeyusha iliingia risasi kidogo (ile metali, si ya bunduki), modeli inaoza kutoka ndani. Nyufa ndogo zinaanza, magurudumu yanavimba, bodi inapinda, na siku moja unaishika inamegeka mkononi. Haina dawa. Rangi mpya huficha tu, na huangusha bei pia.

Kwa hivyo kabla utume pesa, itisha picha za chini ya ndai na za magurudumu, zipigwe kwa mwanga poa. Muuzaji akizungusha, pita. Ukinunua, boksi usitupe hata kama imechanika. Kuna wenye watalipa zaidi juu ya hiyo kartoni pekee.