Kusomea saikolojia chuoni: Yafaayo kujulikana kabla ya kutuma ombi

Na MWANDISHI WETU

KILA mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, vijana na wazazi wao hufurika katika saiba za mijini kuchagua kozi za chuo kikuu. Uamuzi utakaomfunga kijana kwa miaka minne hufanywa kwa dakika chache, huku foleni ikisubiri nyuma yake.

Saikolojia ni miongoni mwa kozi zinazoathiriwa sana na haraka hiyo. Wapo wanaoichagua wakidhani watatoka chuoni wakiwa madaktari wa magonjwa ya akili. Wengine huichagua kwa kuwa marafiki huwaambia kuwa wao ni wasikilizaji wazuri. Na wapo, ingawa hawasemi hadharani, wanaotarajia kupata humo dawa ya majonzi yao wenyewe.

Kosa la kwanza ndilo ghali zaidi. Daktari wa magonjwa ya akili husomea kwanza udaktari wa kawaida, kozi inayochukua miaka sita nchini Kenya, kisha hurejea darasani kwa shahada ya uzamili katika taaluma hiyo. Huyo ndiye awezaye kumwandikia mgonjwa dawa. Mwanasaikolojia hapitii njia hiyo. Yeye husomea akili na mienendo ya binadamu, na humsaidia mtu kwa mazungumzo, vipimo na mbinu nyingine za ushauri nasaha. Mwenye ndoto ya kuandika dawa katika Hospitali ya Mathari, jijini Nairobi, hana budi kuomba nafasi ya udaktari. Shahada ya saikolojia haitamfikisha huko.

Haja ya wataalamu wa aina zote mbili haina ubishi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mtu ambaye awali angepelekwa seli sasa anatakiwa kufikishwa kwa mshauri. Swali ni kama atampata.

Lango la kuingilia chuo kikuu kupitia KCSE ni gredi ya C+. Tangu mtihani wa mwaka wa 2023, gredi ya jumla hupatikana kwa kuhesabu Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema, na masomo mengine matano aliyopata alama bora. Jumla ya juu kabisa ni alama 84, na C+ huanzia alama 46.

Lakini C+ hufungua lango tu. Asasi inayogawa nafasi za wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali, KUCCPS, iliyochukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Usajili (JAB), hutumia hesabu ya pili. Huchukua masomo manne yanayohusiana na kozi, ikayapima pamoja na jumla ya masomo saba, na matokeo yake hayawezi kuzidi 48. Kwa kozi za sayansi ya jamii, ambamo saikolojia huwekwa mara nyingi, masomo hayo huwa ni Kiingereza au Kiswahili. Hisabati au somo moja la sayansi. Somo moja kama Historia, Jiografia au Dini. Na somo jingine moja. Ndiyo maana watahiniwa wawili wenye gredi sawa ya jumla huweza kupata majibu tofauti kwa kozi ile ile.

Kuna jambo ambalo wengi hulielewa visivyo. Alama za mwisho zinazoonyeshwa kando ya kila kozi hazikupangwa na chuo. Ni alama alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi katika ugavi uliotangulia. Waombaji wakiongezeka mwaka huu, alama hizo hupanda, wakipungua, hushuka. Aliyezipita kwa nukta chache hana hakikisho, naye aliyepungukiwa kidogo hana sababu ya kukata tamaa. Lililo la busara ni kupanga machaguo kwa ngazi: kwanza kozi unayoitamani hata kama ni ngumu kuipata, kisha iliyo karibu na alama zako, kisha ile ambayo kwa hakika utaipata na utakuwa radhi kuisoma. Ni hilo la mwisho ambalo wengi hulijaza kiholela, na ndilo huwapeleka wanafunzi katika kozi wanazozichukia. Nafasi zikishagawanywa, hufunguliwa muda wa kuomba uhamisho, ila hakuna ahadi kwamba chuo unachokitaka kitakuwa na nafasi.

Majina ya kozi nayo yasomwe kwa makini. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza saikolojia, na vivyo hivyo vyuo vya kibinafsi kama USIU-Africa na Daystar. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kina shahada ya sayansi katika saikolojia ya tiba, iliyo chini ya kitivo cha udaktari, na masharti yake yafaa yasomwe kando. Kwingineko utakuta saikolojia ya ushauri nasaha, au saikolojia ikiwa ndani ya shahada ya ualimu. Tofauti hizi zina uzito wakati wa kutafuta kazi. Anayetaka kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwa mfano, lazima awe amesomea ualimu; shahada ya saikolojia pekee haimpi nambari ya usajili wa walimu, hata kama lengo lake ni kuwashauri wanafunzi shuleni.

Mzazi aulize pia kama kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE).

Aliyekosa C+ hajafungiwa njia. Gredi ya C- humwezesha kusomea stashahada, na stashahada ikipitwa vyema huweza kumfikisha kwenye shahada. Njia hii ni ndefu, lakini humpa mwanafunzi jambo ambalo mwenzake wa moja kwa moja hulikosa: hukutana na watu wenye matatizo mapema, akajua kama kazi hii anaiweza.

Ndani ya darasa, wengi hushtushwa na takwimu. Tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, saikolojia imejitambulisha kama elimu ya vipimo na majaribio. Mwanafunzi atasoma ukuaji wa mtoto, nafsi, matatizo ya akili na utendaji kazi wa ubongo, lakini pia atafundishwa kukusanya data, kuichanganua na kuandika ripoti ya utafiti. Aliyekimbilia kozi hii kuikwepa Hisabati ataikuta ikimngoja.

Baada ya kuhitimu, sheria nayo ina masharti yake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kuwasajili watoaji huduma hizo, na anayetaka kuwa mwanasaikolojia wa kliniki atahitaji shahada ya uzamili. Ni vyema familia ilijue hilo mapema, kwa kuwa gharama haiishii mwaka wa nne. Wanaoishia shahada ya kwanza huelekea katika idara za wafanyakazi, vituo vya kurekebisha waraibu wa mihadarati, magereza, au mashirika yanayohudumia wakimbizi kama kule Kakuma na Dadaab.

Kuhusu karo, mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023 humpima kila mwanafunzi kulingana na uhitaji wa familia yake, na mikopo hutolewa kupitia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo viwango vithibitishwe kabla ya kuuza shamba. Kupata nafasi KUCCPS na kupata mkopo ni maombi mawili tofauti. Wapo wanaolipia la kwanza na kulisahau la pili.

Wanaolenga Uingereza huomba kupitia UCAS, ambako mwombaji huruhusiwa kozi tano. Kuanzia walioomba kujiunga mwaka wa 2026, ile barua ndefu ya kujieleza iligawanywa kuwa maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na umefanya nini kingine nje ya darasa. Majibu yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi herufi 4,000. Vyuo vingi vya huko humtaka mwenye KCSE apitie kwanza mwaka wa matayarisho. Aidha, mwombaji ahakikishe kozi inatambuliwa na Chama cha Wanasaikolojia cha Uingereza (BPS), la sivyo atapata tabu kuendelea na mafunzo ya kitaaluma nchini humo.

Utaratibu wa hapa nyumbani unakaribia kubadilika. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka wa 2027. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 wanatarajiwa kubisha hodi vyuoni mwaka wa 2029, wakitokea katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo.