Sajili VPN Yako Ndio Ujifiche: Story ya Majirani Wetu

Wasee, KCSE ikifika mnajua vile huwa. Novemba 2023 Telegram iligoma, Novemba 2024 ikagoma tena, na kila grupu ya WhatsApp ikajaa swali moja: VPN gani inafanya? Tukapakua za bure, maisha ikaendelea. Hakuna mtu aliuliza kama siku moja utahitaji ruhusa ya serikali kuwa nayo. Majirani wetu washapitia hiyo, kwa hivyo wacha niwarudishe nyuma kidogo.

VPN haikuundwa ya kukwepa mtu. Mwaka wa 1996, Gurdeep Singh-Pall na wenzake pale Microsoft walitaka mfanyakazi aweze kuingia kwa kompyuta za ofisi kutoka nyumbani bila mtu kusoma kazi yake njiani. Ikazaliwa PPTP. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu ya mabenki na watu wa IT, na hakuna rais aliwahi kukosa usingizi juu yake.

Kampuni inayokuuzia bandoli inaona ni tovuti gani unafungua. Ukiwasha VPN, unakuwa kama matatu ya tinted: wanaiona ikipita, wanajua imeenda steji gani, lakini abiria hawamwoni. Ndio maana serikali ikitaka kukushika haianzi na wewe. Inaanza na huyo anayekuuzia intaneti.

Uganda ndio darasa. 1 Julai 2018 walianza kulipisha watu shilingi 200 za kwao kila siku ndio wafungue WhatsApp, Facebook ama Twitter. Museveni alikuwa amelalamika kuhusu lugambo, yaani udaku, huko mitandaoni. Watu wakahamia VPN. Tume yao ya mawasiliano, UCC, ikaambia kampuni za intaneti zifunge hizo VPN. Wakifunga moja, vijana wanahama kwa nyingine. Paka na panya.

Halafu ikafika uchaguzi wa 14 Januari 2021. Siku mbili kabla, mitandao ya kijamii ikazimwa, VPN zikaokoa watu. Jioni ya tarehe 13 wakazima intaneti yote. Hapo VPN inakuwa picha tu kwa simu, kwa sababu nayo inapita kwa barabara ileile iliyofungwa. Intaneti ilirudi tarehe 18. Na Julai hiyohiyo ile kodi ya 200 ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bandoli zenyewe. Uwe na VPN usiwe nayo, unalipa. Lazima nikubali, huyo aliyefikiria hiyo alikuwa mjanja.

Tanzania waliingia na mlango mwingine: karatasi. Kanuni zao za maudhui mtandaoni za 2020 zilikataza kuwa na teknolojia ya kukufikisha kwa maudhui yaliyopigwa marufuku. Watu wengi hata hawakusoma. Kisha 13 Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo: mtu ama kampuni inayohitaji VPN kwa kazi yake ijisajili kabla ya 30 Oktoba, na itoe hadi anwani yake ya IP. Ukikaidi, faini isiyopungua shilingi milioni 5 za Tanzania, ama jela miezi 12 kwenda juu, ama vyote viwili. Walipewa siku 17!

Fikiria hiyo fomu. Unaenda kwa mwenye kukuchungulia, unamwambia, "Bosi, mimi ndio nimefunga pazia, nyumba yangu ni hii." Watasema ni usalama, na sikatai, matapeli wanatumia VPN. Lakini tapeli gani atajaza fomu? Atakayejaza ni mhasibu, mwandishi wa habari wa kufuata sheria, ama kijana wa kazi za onlaini kama mimi.

India walijaribu kubana kampuni za VPN badala ya watumiaji. Aprili 2022 waliziambia ziweke majina na anwani za wateja kwa miaka mitano. ExpressVPN, Surfshark na NordVPN ziling'oa seva zao nchini zikaendelea kuhudumia wateja kutoka nje. Pakistan nao mwishoni mwa 2024 wakaanzisha leseni ya watoa huduma wa VPN: mwenye leseni anabaki, asiye nayo anaweza kufungwa.

Hapa kwetu hakuna sheria inayokulazimisha kusajili VPN. Lakini 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina mpango wa kuzima intaneti, na kesho yake, watu wakiwa Bunge, intaneti ikazama. Tukaambiwa ni nyaya za chini ya bahari. Kwa hivyo mswada wowote wa mtandao ukija, usianze na kipengele kinachokutaja wewe. Ruka hadi pale wanaandika majukumu ya kampuni za intaneti, usome polepole, halafu upige skrinshoti.