Wakfu wa Vilima: Historia Fupi ya National Trust

Sisi watu wa pwani tumelijua neno wakfu tangu utotoni, kwa kuwa msikiti, kisima na shamba la minazi alilolitoa marehemu kwa ajili ya Mungu havikuuzwa, havikurithiwa wala havikuwekwa rehani, na aliyekabidhiwa alikuwa mlinzi tu, si mwenyewe. Kwa hiyo habari za National Trust, amana ya ardhi iliyoasisiwa Uingereza tarehe 12 Januari 1895, hazitufikii kama habari ngeni kabisa. Ila kilichotiwa wakfu huko ni vilima, vichaka, vinamasi na kingo za bahari, kwa manufaa ya kila mpita njia.

Asili yake ni huzuni. Mwaka 1875 Octavia Hill, bibi aliyesimamia nyumba za maskini wa London na kuona kwa macho yake jinsi watoto walivyokulia katika vyumba visivyoingia jua, alipata habari kwamba mashamba ya Swiss Cottage, ambako watu wake waliweza kufika kwa miguu wakakanyaga majani mabichi, yatajengwa. Akachangisha fedha kwa bidii isiyo kifani, na kiasi kilichotakiwa kilipokaribia kutimia, wenye ardhi wakaghairi, mashamba yakageuka mitaa ya nyumba. Naamini jeraha lile halikupona moyoni mwake, na kwamba heri nyingi iliyofuata ilichipuka humo.

Baada ya miaka tisa akajiwa na mzao wa John Evelyn, mwandishi mashuhuri wa karne ya 17, aliyeazimu kuitoa bustani ya ukoo wake, Sayes Court ya Deptford, iwe ya watu wote. Mtoaji alikuwepo na bustani ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkono wa kupokea, kwani hapakuwa na jamaa iliyoruhusiwa na sheria kushika ardhi kwa niaba ya umma. Robert Hunter, mwanasheria wa Idara ya Posta, ambaye kabla ya hapo aliyatetea mahakamani malisho ya watu wote yasizungushiwe ua na matajiri, akatoa rai kwamba iundwe kampuni. Bibi Hill hakuliridhia neno hilo, kwa kuwa lina harufu ya biashara, akashauri kwa barua iitwe amana. Naye Hunter akaandika kwa penseli juu ya barua hiyo jina National Trust, na pamoja nalo alama ya kuuliza. Alama ile ilingoja jibu kwa miaka kumi.

Wa tatu wao alikuwa kasisi Hardwicke Rawnsley, mtu wa maneno moto, aliyeishi kaskazini katika nchi ya maziwa na milima, na ambaye alikwisha kuipinga reli ya machimbo ya mawe isipasue mabonde yake. Hao watatu ndio waasisi.

Kipawa cha kwanza kilitoka kwa Bibi Fanny Talbot wa Wales mwaka ule ule wa 1895: ekari nne na nusu za jabali juu ya mji wa Barmouth, mahali paitwapo Dinas Oleu, maana yake ngome ya nuru, naye alitaka paachwe na upori wake. Mwaka uliofuata ikanunuliwa nyumba ya kale ya makasisi huko Alfriston kwa paundi 10.

Lakini penye siri ya taasisi hii, kwa maoni yangu, ni Brandelhow, kando ya ziwa Derwentwater, ekari 108 zilizotakiwa paundi 6,500. Serikali haikutoa fedha hizo, wala hakutokea tajiri mmoja wa kuzibeba peke yake. Zilichangwa na umma, na miongoni mwa waliochanga walikuwamo wafanyakazi wa miji ya viwanda, watu wa mshahara mdogo na moshi mwingi, waliotuma shilingi zao kwa ajili ya msitu uliokuwa mbali na makwao. Oktoba 1902 Princess Louise, bintiye Malkia Victoria, akaja kuifungua ardhi hiyo.

Sheria ya mwaka 1907 ndiyo iliyofunga fundo: Bunge likaipa amana hii uwezo wa kutangaza ardhi yake kuwa haiuziki wala haiwekwi rehani milele. Msomaji wetu atatambua hapo sharti la wakfu, hata kama kadhi hakulitia muhuri.

Bibi Hill alifariki mwaka 1912, Hunter mwaka 1913, Rawnsley mwaka 1920. Baadaye yalikuja majumba makubwa ya makabaila, ambayo wengi huyastaajabia kuliko mimi. Na tangu 1965 ikafanywa harambee ya kuiokoa pwani isijengwe yote. Wanachama leo wapita milioni tano.

Beatrix Potter, mtunzi wa hadithi za watoto, aliyekuwa rafiki wa Rawnsley, alipofariki mwaka 1943 aliiachia amana hiyo zaidi ya ekari 4,000 na mashamba 14, na katika wasia wake akasharutisha kwamba makundi ya mlimani yawe ya kondoo wa asili ya Herdwick, wasiochanganywa damu. Kondoo ambao hawahitaji ukuta, kwa maana jike humfundisha mwanawe mipaka ya malisho, naye mwana humfundisha wake.