Dawa ya Deni ni Kulipa: Mgomo wa Marubani wa Kenya Airways na Mustakabali wa Majadiliano ya Pamoja

Utangulizi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walio wanachama wa chama chao, KALPA, waligoma kurusha ndege katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi. Siku tano kabla ya hapo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imetoa agizo la kuusimamisha mgomo huo. Kwa kuwa agizo lilikaidiwa na maelfu ya abiria wakakwama, mjadala wa umma ulizunguka mambo hayo mawili: heshima kwa mahakama na hasara ya msafiri. Yote mawili ni mambo mazito. Hata hivyo, hayaelezi kwa nini watu wapatao 400, wenye kazi inayotamaniwa na wengi, waliamua kuhatarisha ajira zao. Makala haya yanashikilia kwamba kiini cha mgogoro ule kilikuwa deni. Mfanyakazi anayecheleweshewa mshahara na kusitishiwa mchango wa uzeeni hugeuzwa kuwa mkopeshaji wa mwajiri wake bila kuulizwa. Sheria inayozuia mgomo pasipo kuweka ratiba ya kulilipa deni hilo huuahirisha mgogoro tu, na kila ukiahirishwa hurudi ukiwa mkali zaidi.

Deni la benki na deni la rubani

Kenya Airways iliundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Mwaka 1996 serikali iliuza sehemu ya hisa zake. Kampuni ya KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26, na shirika likaingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Miongo miwili baadaye lilikuwa limelemewa na madeni. Katika urekebishaji wa mwaka 2017, benki za Kenya zilizokuwa zikilidai zilikubali kugeuza madeni yao kuwa hisa. Serikali ilibaki na asilimia 48.9, benki zikapata asilimia 38.1 kupitia kampuni ziliyoiunda kwa kusudi hilo, na KLM ikashuka hadi asilimia 7.8.

Mpango huo una funzo kubwa. Benki ziliposhindwa kulipwa, madai yao yaliandikwa, yakathaminiwa, yakapewa hati na viti katika meza ya maamuzi. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozikalisha ndege chini, shirika lilitafuta ahueni kwa wafanyakazi: sehemu ya mishahara ilizuiwa na michango ya mwajiri katika hazina ya akiba ya uzeeni ikasitishwa. Hadi marubani walipotoa ilani ya mgomo Oktoba 2022, madai hayo mawili ndiyo yaliyoongoza orodha yao, pamoja na malalamiko kuhusu uongozi wa shirika. Benki ilipata hisa. Rubani aliambiwa asubiri. Wote wawili walikuwa wamelibeba shirika lilipoyumba, na kila mmoja alistahili kujua atarudishiwa lini na kwa utaratibu gani.

Wapo wanaouona mchango wa uzeeni kama hisani ambayo mwajiri huitoa akiwa na nafasi na kuisitisha akibanwa. Mtazamo huo si sahihi. Mchango huo ni mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi, ila hulipwa baadaye. Marubani wa Marekani wanalijua hilo kwa uchungu. Baada ya mashambulizi ya 2001, mashirika makubwa yaliomba hifadhi ya mahakama za ufilisi, na katika kipindi cha 2005 na 2006 mipango ya pensheni ya marubani wa United na wa Delta ilivunjwa. Watu waliorusha ndege kwa miongo mitatu walistaafu wakiwa na sehemu tu ya kile walichoahidiwa. Rubani wa Nairobi aliyeona mchango wake umesitishwa kwa mwaka wa tatu alikuwa na sababu ya kuuliza atazeekea wapi.

Hoja ya umaskini wa shirika

Pingamizi lenye nguvu zaidi linasema hivi: marubani hulipwa vizuri kuliko Wakenya walio wengi, na shirika halina fedha. Ni kweli kwamba Kenya Airways ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 9.8 katika nusu ya kwanza ya 2022, na kwamba hadi mwisho wa mwaka huo hasara ilifika shilingi bilioni 38. Menejimenti ilikadiria kuwa mgomo ungegharimu takriban shilingi milioni 300 kwa siku. Mtu yeyote anayelitakia mema shirika hili hawezi kuzipuuza takwimu hizo.

Lakini ukubwa wa mshahara haufuti deni. Anayedai shilingi milioni moja na anayedai elfu kumi wana haki ileile ya kulipwa. Uhaba wa fedha ni hoja halali kuhusu muda na viwango vya malipo. Hauwezi kuwa hoja ya kutotaja tarehe yoyote. Zaidi ya hayo, hasara ya mgomo ilijulikana mapema. Ikiwa siku moja ya ndege kusimama ina thamani ya shilingi milioni 300, basi wiki mbili na zaidi baina ya ilani na mgomo zilikuwa muda wa thamani kubwa kuliko wakati wowote mwingine, na zilipaswa kutumiwa mezani.

Ipo pia hoja ya ufundi. Rubani hapewi kibali cha kurusha ndege yoyote ile. Huhitimu kwa aina ya ndege, na umahiri wake hupimwa mara kwa mara katika mitambo ya kuigiza urukaji. Aliyezoea Embraer hawezi kukabidhiwa Boeing 787 kesho yake asubuhi. Kwa hiyo hakuna kikosi cha akiba cha kuziba pengo, na rubani mzoefu anayekata tamaa ana waajiri wengine wanaomtaka, hasa katika mashirika ya Ghuba. Mgomo huisha kwa siku chache, lakini rubani aliyehamia Dubai au Doha huenda asirudi tena.

Sheria inaruhusu nini?

Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaweka masharti: mgogoro upitie usuluhishi kwanza, na ilani ya maandishi ya siku saba itolewe. Jedwali la huduma muhimu katika sheria hiyo linawataja waongozaji wa safari za ndege na mawasiliano ya anga. Marubani hawamo. Mtunga sheria aliona tofauti: mwongozaji akiacha mtambo wake, ndege iliyo angani iko hatarini; rubani akigoma, ndege hubaki salama ardhini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 imechora mpaka huohuo.

Basi mwajiri anapokimbilia mahakamani kila ilani inapotolewa, na zuio likatolewa bila ratiba ya majadiliano, haki iliyoandikwa katika Katiba hubaki karatasini. Hapa lazima niseme wazi: kukaidi agizo la mahakama ni kosa, na chama kinachofanya hivyo hudhoofisha ngome ambayo nacho kitaihitaji kesho. Njia ya halali ilikuwa kukata rufaa na kuomba usikilizwaji wa haraka. Lakini mahakama nayo ina wajibu. Tarehe 8 Novemba iliwaamuru marubani warejee kazini saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata, na ikaikataza menejimenti kuwanyanyasa. Agizo lenye masharti kwa pande zote mbili lilizirudisha ndege angani. Laiti uwiano huo ungetafutwa wiki moja kabla!

Marekani ina utaratibu unaostahili kuchunguzwa, ingawa si wa kunakiliwa. Sheria ya kazi za reli ya 1926, iliyopanuliwa hadi usafiri wa anga mwaka 1936, huwapeleka wahusika kwa bodi ya taifa ya usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana na upande mmoja ukakataa kuupeleka mgogoro kwa mwamuzi, huanza siku 30 za kutulia kabla ya mgomo kuruhusiwa. Kasoro yake ni kwamba bodi yaweza kuurefusha usuluhishi kwa miaka. Ubora wake ni kwamba saa ikishaanza kuhesabu, kila mtu anajua mwisho wake. Mwaka 2022 marubani wa Delta walipiga kura ya kuidhinisha mgomo kwa asilimia 99. Machi 2023 waliridhia mkataba wenye nyongeza ya jumla ya asilimia 34. Hakuna ndege iliyobaki chini kwa mgomo. Uwezekano wa kugoma ulitosha kuleta makubaliano, kwa sababu ulikuwa wa kweli.

Kipi kifanyike

Kwanza, kila mshahara unaocheleweshwa wakati wa dharura uandikwe kama deni ndani ya mkataba wa pamoja, ukiwa na tarehe za malipo na masharti ya kuzisogeza iwapo mapato yatapungua. Pili, wajibu wa mwajiri wa kutoa taarifa zinazohitajika katika majadiliano, ambao tayari umo katika sheria ya 2007, utekelezwe kwa ukamilifu: chama kinachoambiwa hakuna fedha kioneshwe hesabu. Tatu, zuio lolote la mgomo liwe na kikomo cha siku na liambatane na amri ya kukutana mbele ya msuluhishi. Nne, vyama vya marubani navyo viweke kanuni ya kuwatangazia abiria mapema na kuheshimu mahakama hata inapoviudhi.

Hitimisho

Shirika la ndege haliwezi kuokolewa na marubani wanaohisi wametapeliwa, wala chama hakiwezi kulipwa na shirika lililokufa. Serikali ya Kenya, kama mwenye hisa nyingi zaidi, ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kuhakikisha deni la mfanyakazi linapewa hadhi ileile iliyopewa benki mwaka 2017. Wabunge, majaji na viongozi wa vyama wasisubiri ilani nyingine ya mgomo ndipo waanze kuzungumza. Dawa ya deni ni kulipa, na asiyeweza kulipa leo aseme kwa maandishi atalipa lini.