Choki na Baridi ya Njombe

Peugeot 404 ilipotwaa Safari Rally 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, mafundi walionifunza kazi Njombe walikuwa na shindano lao: kuiwasha alfajiri ya Julai. Petroli ya baridi haigeuki mvuke upesi, ndiyo maana unavuta choki. Kilango kinabana hewa, injini inapata mafuta mengi. Lakini huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa pwani humimina petroli kupita kiasi. Mzee aliyenifunza alishika bisibisi kuirekebisha injini ikiwa imeshapata moto tu, akisikiliza sailensa. Asubuhi kazi aliiachia choki. Wenye pupa (madereva wa abiria hasa!) walifungulia skrubu ya kabureta injini ikiwa baridi. Kufika Makambako plagi nyeusi tii, na lawama kwa fundi.